Saini Mbili za Pandashuka

Fundi wa lifti tunayemwita Pandashuka alikuwa amelala chali juu ya kibanda cha lifti, tochi mdomoni, akikaza nati, simu yake ilipoita. Alikuwa dada yake kutoka nyumbani. Dada huyu ndiye mkubwa wao, na tangu simu za mkononi zianze hajawahi kuamini kwamba zinafika mbali bila kusaidiwa na sauti. Kwa hiyo habari za nyumba ya marehemu wazazi wao zilisikika katika ghorofa zote za jengo lile, ingawa aliyezielewa ni yeye peke yake.

Habari zenyewe zilikuwa hivi. Nyumba imeanza kuvuja. Yupo mpangaji aliye tayari kuhamia ikishaezekwa upya, lakini hati ya kiwanja bado ina jina la baba yao, na ofisi ya ardhi imekataa kuandika jina jingine mpaka warithi wote wakubali kwa maandishi kwamba dada mkubwa asimamie. Kaka wa kati ameshasaini. Amebaki kitinda mimba, naye ndiye huyu aliye ughaibuni. Anatakiwa aende ubalozini, aandikishe hati ya uwakili, asaini mbele ya ofisa, ipigwe muhuri, aitume. Tena afanye haraka, kwa sababu karani anayeshika faili lao anastaafu mwisho wa mwezi, na yule atakayempokea anajulikana kwa tabia ya kuanza kila faili upya, kama mtu anayefumua sweta la mwenzake.

"Ni kusaini tu," dada alisema. "Kazi ya dakika moja. Usiniletee mambo yako."

Pandashuka akaitikia kwa pua, maana tochi ilikuwa bado mdomoni.

Mambo yake yapi, sijui. Mimi nakaa mlango unaotazamana na wake na sijawahi kumwona na mambo yoyote. Ni mtu wa makamo, mtaratibu, kucha zake zina grisi isiyotoka hata sikukuu, na ukimuuliza jambo hukujibu kwa kichwa. Mengi ya haya nimeyapata kwa binti yake, ambaye anafanya kazi duka la dawa na anaishi naye tangu mama mtu afariki mwaka juzi. Huyo binti hukujibu kwa mdomo.

Kazi ya Pandashuka ni kuzunguka mjini akihudumia lifti. Kila lifti ina kadi yake, imebandikwa ndani ya sanduku la umeme, na kila akimaliza kupaka grisi na kupima breki huandika tarehe na kusaini. Saini yake ni mstari mmoja unaopanda na mstari mmoja unaoshuka. Wako wanaosema jina lake la utani limetoka hapo, wako wanaosema limetoka kwenye kazi yenyewe. Saini hiyo iko katika majengo mengi ya mji huu: hospitalini, benki, kwenye maghorofa ya wapangaji. Anaitia bila kuangalia, kama mtu anavyojikuna.

Alhamisi iliyofuata akaomba ruhusa kazini, akavaa koti, akachukua pasipoti yake kwenye droo, akaenda kusaini.

Nchi yetu haina ubalozi katika mji huu. Ubalozi uko mji mkuu, safari ya kutwa nzima kwa treni. Tulichonacho sisi ni balozi wa heshima, yaani raia wa hapa aliyekubali kutuhudumia bila mshahara, akapewa bendera na muhuri. Balozi wetu wa heshima anauza vifaa vya bafuni. Duka lake ni la ghorofa: chini vigae na mabomba, juu yake masinki na vyoo, na juu kabisa, ukishapita mabeseni makubwa ya kuogea, kuna mlango wa kioo, na nyuma ya mlango ndiyo ofisi. Viti vya kungojea hakuna. Watu hukaa kwenye kingo za mabeseni, au juu ya vyoo vya maonyesho vilivyofunikwa vifuniko na kubandikwa karatasi inayosema visitumike. Wateja wa kweli wa duka hupita katikati wakigonga masinki kwa kidole, wakishangaa kuona watu waliovaa vizuri wamekaa vyooni na bahasha mapajani, wametulia.

Pandashuka alipata choo cha rangi ya maziwa, akakaa, zamu yake ikafika.

Anayefanya kazi yenyewe si balozi. Ni katibu wake, mwanamke wa kwetu, miwani yake imefungwa kamba ikaning'inia kifuani, na mkono mmoja haubanduki kwenye kisanduku cha muhuri. Ni mtu wa adabu kabisa. Alimkaribisha Pandashuka, akampa pole kwa kungoja, akapokea maelezo, akaichapa hati ya uwakili kwa nakala mbili, kisha akamsomea yote kwa sauti, kama sheria inavyotaka. Akamuuliza kama ameelewa. Akasema ameelewa. Akamuuliza kama kuna mtu yeyote anayemlazimisha kusaini.

Pandashuka akamfikiria dada yake, akasema hapana.

Akapewa kalamu. Akasaini: mstari ukapanda, ukashuka. Katibu akaivuta karatasi, akafungua pasipoti, akavaa miwani, akatazama huku, akatazama huku.

"Kaka, hii hapa ni saini ya nani?"

"Yangu."

"Na hii ya kwenye pasipoti?"

Pandashuka akainama kuitazama. Anasema, yaani binti yake anasema kwamba alisema, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuiona tangu pasipoti itoke. Ilikuwa saini nzuri. Ilianza na kichwa kikubwa cha mviringo, ikafuata mawimbi madogo yaliyopangana kama mshono wa cherehani, halafu mkia ukarudi nyuma kupita chini ya yote, ukamalizwa na nukta mbili. Akaijua papo hapo. Ilikuwa ya mke wake.

Hapa nieleze, maana si jambo la wizi. Pandashuka na fomu hawapatani. Mkewe kule nyumbani alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwandiko wake ni ule wa ubaoni, na tangu waoane yeye ndiye aliyejaza kila karatasi ya familia. Fomu zikija anazijaza zote, yake na ya mumewe, na akifika kwenye mstari wa saini haoni sababu ya kusimama. Anasaini yake, anasaini ya mumewe, kisha anapaza sauti kuelekea chumba cha pili: "Baba watoto, umeshasaini." Na Pandashuka anajibu, "Ahsante." Pasipoti ya kwanza ilipita hivyo, na hii ya sasa, iliyoombwa kwa posta mama akiwa hajaanza kuumwa, ikapita hivyo hivyo. Mkataba wa nyumba pia. Mtu ukiishi hivyo miaka mingi unasahau kwamba una saini usiyoijua.

"Yangu pia," akamjibu katibu.

"Basi nisainie kama hii."

Akajaribu. Iliyotoka ilifanana na waya uliochomoka. Katibu akachapa nakala nyingine. Safari hii Pandashuka alikwenda polepole, ulimi nje, akajenga kichwa cha mviringo, akapanga mawimbi, na mkia ulipofika wakati wa kurudi ukatoboa karatasi. Katibu akaitazama kwa muda.

"Hii inafanana na saini ya mtu anayeigiza saini," akasema.

Pandashuka akapendekeza dole gumba. Katibu akamweleza, kwa upole uleule, kwamba dole gumba ni la wasioweza kuandika, na yeye amemwona akiandika asubuhi nzima. Pandashuka akauliza kama anaweza kubadilisha saini, iwe ile ya kupanda na kushuka, mambo yaishe. Katibu akafurahi, kwa sababu fomu ya jambo hilo ipo. Akaitoa kwenye droo. Ni kiapo kwamba mwenye pasipoti ameacha saini yake ya zamani na kuanza mpya, na chini kuna sehemu mbili.

"Hapa unatia mpya," akasema. "Na hapa, kuthibitisha kwamba ni wewe, unatia ya zamani."

"Dada, kama ningeiweza ya zamani ningekuwa hapa nafanya nini?"

"Swali hilo linaulizwa sana," akasema katibu.

Ndipo Pandashuka akakumbuka kwamba duka lile lina lifti ya mizigo, ya kupandishia masinki, na anayeihudumia ni yeye. Akamwomba katibu watoke kidogo. Wakapita kati ya watu waliokaa vyooni, wakafika kwenye lifti, akafungua sanduku la umeme kwa ufunguo wake, akamwonyesha kadi. Ilijaa saini yake juu mpaka chini, mwezi baada ya mwezi, haikosei hata unywele. Akamwambia, hiyo ndiyo saini yangu, na masinki ya duka hili hupanda kila siku kwa kuitegemea. Katibu akavaa miwani akaisoma kadi yote, kwa sababu ni mtu asiyedharau maandishi.

"Ni kweli," akasema. "Hii inathibitisha kwamba lifti ni nzima."

Wakarudi. Balozi mwenyewe alikuwa amefika, mzee mrefu mwenye suti na unga wa plasta kwenye mkono wa koti. Kiswahili chake ni maneno mawili, "karibu sana," na huyatumia kwa shughuli zote, kupokea mtu na kumwondoa. Katibu akamweleza mambo kwa lugha yao. Balozi akasikiliza, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akampa Pandashuka mkono.

"Karibu sana," akasema, na Pandashuka akaelewa kwamba ndiyo basi kwa siku ile. Ilibaki Alhamisi moja kabla ya karani wa kule nyumbani kustaafu.

Jioni alimweleza binti yake. Binti alikuwa anakata karoti. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kisu, akafuta mikono, akaivuta bahasha ya bili ya umeme, akachukua kalamu na kuipiga ile saini nyuma yake: kichwa, mawimbi, mkia, nukta, nukta. Ilikuwa ileile. Ungeiweka juu ya ile ya pasipoti ingelala sawasawa.

Baba mtu akaitazama, akamtazama yeye.

"Ripoti za shule," binti akasema. "Zile mbaya. Nilikuwa nazisaini mwenyewe kwenye basi."

"Mama yako alijua?"

"Nafikiri alijua. Siku moja aliniambia mkia wangu ni mfupi."

Pandashuka angeweza kukasirika, lakini muda wake wa kukasirika kwa ripoti zile ulikuwa umepita zamani, na zaidi ya hapo alihitaji mwalimu. Tatizo ni kwamba binti hakuweza kwenda kusaini badala yake. Ilikuwa lazima asaini baba, mbele ya macho ya katibu, kwa mkono wake uliozoea spana.

Wakaanza masomo. Kila jioni baada ya chakula, mezani, karatasi zilizochapwa upande mmoja kutoka duka la dawa. Binti ni mwalimu mkali kuliko mama yake. Alimgawia saini vipande: leo kichwa, kesho mawimbi, mkia hauguswi mpaka mawimbi yakae. Pandashuka alitii. Mchana, akiwa kazini, alifanya mazoezi kwa kidole juu ya vumbi la mashine. Katika jengo la benki mlinzi alilalamika kwamba kuna mtu anaandika mambo yasiyoeleweka chumba cha mitambo. Na ukipata nafasi ya kuteremshwa ndani ya shimo la lifti ya hospitali, jambo nisilomwombea mtu, utaona ukutani, kati ya ghorofa na ghorofa, safu ya vichwa vya mviringo vilivyochorwa kwa chaki, vya chini vibovu, vya juu afadhali.

Lakini saini yenyewe haikuja. Vipande vilikuja, saini haikuja. Alipoviunganisha vilikaa pamoja kama abiria wasiojuana. Binti alimwambia anabana sana kalamu. Akailegeza, ikaanguka. Alimwambia asifikiri. Akasema hafikiri. Alimwambia basi hapo ndipo anapofikiri zaidi.

Jumapili, mchana, binti alikuwa ananyoosha sare yake ya kazini. Meza ya kupigia pasi ilikuwa ya mama yake. Marehemu alipohamia huku ualimu haukumpokea, akaajiriwa na dobi mmoja wa hoteli, na nyumbani pia alikuwa akiwapigia watu pasi kwa malipo, kwa hiyo ile meza haikuwa ikikunjwa. Ilisimama sebuleni mwaka mzima, na chochote kilichohitaji meza kilifanyiwa juu yake. Binti alikuwa katikati ya mkono wa shati aliposimama, pasi hewani.

"Baba, hebu kumbuka. Mama alikuwa anajazia wapi fomu?"

Pandashuka akafikiri. "Hapo."

"Amekaa?"

Hakukaa. Hakuna kiti kinachofikia meza ya kupigia pasi. Alikuwa akisimama, pasi imewekwa pembeni inapoa, fomu imelazwa juu ya kitambaa, mguu mmoja umepumzishwa juu ya mwingine, na mkono mzima kuanzia begani uko huru. Wote wawili walikuwa wamemwona hivyo mara zisizohesabika, na wote wawili walikuwa wamekaa mezani jioni zote zile wamejikunja kama watunza hesabu.

Binti akaondoa shati. Pandashuka akasimama mbele ya meza ya mkewe. Ilikuwa fupi kwake, mama alikuwa mfupi, ikabidi aipandishe tundu moja. Kitambaa kilikuwa bado na joto. Akaweka karatasi, akasaini.

Mkia ulirudi nyuma bila kuulizwa. Nukta mbili zikadondoka mahali pake.

Akasaini tena chini yake, na tena, akaijaza karatasi ile, akageuza upande wa pili. Binti anasema mkono wa baba yake ulikuwa ukinyanyuka kidogo kabla ya mkia, hewani, kama mtu anayepisha kitu. Yeye hakumfundisha hivyo. Yeye mwenyewe hafanyi hivyo. Mama yake ndiye aliyekuwa akifanya. Binti akaenda jikoni, akafungua bomba, akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Baadaye baba mtu aliuliza kama kuna karatasi zaidi. Zilikuwepo. Akaendelea mpaka mwanga wa dirishani ukapungua, ingawa saini ilikuwa imeshakaa tangu ya kwanza na hakukuwa na haja tena.

Alhamisi akarudi dukani. Vyoo vyote vilikuwa na watu. Akapata ukingo wa beseni moja lenye miguu ya shaba, akakaa karibu na mama mmoja mtu mzima aliyekuja kuthibitisha kwamba yu hai, kwa ajili ya pensheni. Mama huyo akamweleza kwamba mwaka jana walimthibitisha, lakini uthibitisho huo umekwisha muda. Pandashuka akampa pole.

Katibu alimkumbuka. Akaichapa hati upya kwa sababu tarehe ilikuwa imebadilika, akamsomea upya yote, maana kusomewa kwa juma lililopita hakuhesabiki, akamuuliza kama ameelewa na kama kuna anayemlazimisha. Kisha akamwonyesha kiti na kalamu.

"Nitasimama," Pandashuka akasema.

Meza ya katibu ni ya kukalia, iko chini. Pandashuka akatazama huku na huku. Kwenye kona ya ofisi, karibu na bendera, kulikuwa na sinki la maonyesho, lile la kusimama na nguzo yake, pana, ambalo balozi alikuwa amelihifadhi pale kwa kukosa nafasi, na juu yake pamewekwa ubao wa kuwekea majalada. Akauliza kama anaweza kusainia pale. Katibu akatafakari kama kuna kanuni inayokataza. Haikuwepo. Akaondoa majalada, akaleta karatasi, akasimama pembeni karibu kabisa, kwa kuwa anayeshuhudia lazima aone.

Pandashuka akapumzisha mguu mmoja juu ya mwingine. Akasaini nakala ya kwanza. Akasaini ya pili.

Katibu akazibeba mezani. Miwani ikapanda. Alitazama pasipoti, akatazama hati, akatazama nakala, akarudi kwenye pasipoti. Ilichukua muda. Nje mtu alikuwa akifungua na kufunga mfuniko wa choo akisikiliza unavyoteremka.

"Ndiyo hii," akasema.

Pandashuka alikuwa amejiandaa kukataliwa, na kukubaliwa kulimkuta hana la kufanya. Pengine ndiyo sababu alifungua mdomo, mtu ambaye kwa kawaida haufungui.

"Dada, nikuambie ukweli. Hiyo saini, mwenye kuianza hakuwa..."

"Kaka," katibu akamkatiza. Alikuwa ameshashika muhuri. "Mimi kazi yangu ni kushuhudia kwamba wewe umesaini mbele yangu. Umesaini mbele yangu?"

"Nimesaini."

"Basi mengine sikuyashuhudia." Akapiga muhuri, nakala ya kwanza, nakala ya pili, akaupuliza wino. Halafu, akiwa bado ameinama, akasema kwamba mume wake mwenyewe hajui ilipo chumvi ndani ya nyumba yao, na akamkabidhi karatasi.

Ilibaki saini ya balozi. Balozi akaja kutoka kwa wateja, akatoa kalamu mfukoni na kusaini akiwa anatembea. Saini yake ilikuwa mstari mmoja uliopanda na mwingine ulioshuka, hata nukta haikuwa nayo. Hakuna aliyeifananisha na kitu chochote. Akampa Pandashuka mkono, akamkaribisha sana, akarudi kwa wateja.

Katibu alimsindikiza hadi mlangoni na ile fomu ya kubadilisha saini, akisema sasa anaweza kuijaza kwa kuwa ya zamani anaiweza. Pandashuka akaipokea kwa adabu. Alisema ataifikiria. Binti yake anasema hakuifikiria hata kidogo, aliitia kwenye pipa la karatasi kituoni.

Hati ilikwenda kwa ndege, ikafika karani akiwa bado hajaagwa. Dada mkubwa alipiga simu siku aliyotoka ofisi ya ardhi. Pandashuka alikuwa nyumbani, mlango wazi, na mimi nilikuwa kwangu, kwa hiyo haya nimeyasikia mwenyewe. Dada alisema jambo limekwisha. Karani hakuitazama saini hata kidogo. Alitazama muhuri, akauinua kwenye mwanga, akasema umekaa upande, lakini kwa kuwa anastaafu ataupokea hivyo hivyo.

"Ila mimi nimeitazama," dada akasema. "Saini nzuri. Wewe mwandiko wako naujua, baba alikuwa anakuchapia. Hii umeipata wapi?"

"Ya mke wangu," Pandashuka akasema. "Yeye ndiye alikuwa ananisainia."

Kukawa kimya. Dada yule hajawahi kunyamaza kwenye simu, na Pandashuka akaiondoa sikioni kuangalia kama imekatika. Haikuwa imekatika.

"Wifi yangu," dada akasema hatimaye, kwa sauti ya kawaida, ya mtu aliye chumba kimoja nawe, na baada ya hapo sikusikia tena kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa anaongea na ndugu yake peke yake. Waliongea muda. Pandashuka alijibu kwa mdomo, si kwa kichwa.

Kisha sauti ikarudi mahali pake, na jengo zima likaulizwa mabati yawe ya rangi gani. Pandashuka akasema yoyote. Dada akasema yoyote si rangi, na fundi yuko juu ya paa anangoja. Pandashuka akafikiri, akasema kijani. Dada akasema yaliyopo dukani ni mekundu, akakata simu.